Mistari Mitatu

Bwana Pinto, karani wa tiketi, alipohama Tabora
hakuweza kulipakia kwenye behewa; nauli yake
ilizidi bei. Akampa baba funguo,
baba akampa madebe mawili ya asali
na saa ya mkono iliyokuwa ikichelewa.
Hadi leo sijui nani alimpunja mwenzie.

Lilikuwa yai. Sina neno jingine.
Yai la rangi ya maziwa ya mgando,
magurudumu mawili mbele, moja nyuma,
na mlango mmoja tu, usoni, kama wa jokofu:
ukiuvuta, usukani nao unakuja,
kama mtu anayeinuka kukupa mkono.
Injini ya pikipiki, silinda moja.
Likikohoa Cheyo, mbwa wa Isevya wanajibu.

Rivasi halikuwa nayo.
Hilo Pinto hakulisema. Baba alilijua jioni ya kwanza
alipoliingiza bandani, pua ikagusa ukuta,
mlango ukakosa pa kufungukia.
Akakaa humo, mikono kwenye usukani,
fundi mzima wa karakana ya reli, mfufua garimoshi,
akiona haya kupiga honi.
Mama alimaliza kwanza kusonga ugali.
Akaonja mlenda, akaongeza chumvi.
Ndipo akatoka, mwiko kwapani,
akalivuta kinyumenyume kama anayemtoa mbuzi shambani.

Barabara zetu zilichimbwa na malori ya tumbaku:
mifereji miwili, katikati tuta la nyasi.
Magari ya watu yalifuata mifereji.
Letu liliweka miguu miwili mferejini, wa tatu juu ya tuta,
likaenda limeinua makalio kama bata.
Popote lilipopita liliacha mistari mitatu.
Sisi watoto tuliisoma kabla ya kusoma vitabu:
baba yuko kinyozi, baba yuko sokoni,
baba kaishiwa petroli, kasukuma kuanzia hapa.

Nilikuwa darasa la pili
mistari ilipopita Kitete bila kukata kulia.
Ilikwenda Ng'ambo, kwenye mchanga mtupu,
ikasimama mbele ya nyumba ya Nyamizi, mshona foronya.
Oili ilikuwa imedondoka pale.
Mama aliinama na taa, akahesabu matone.
Kumi na saba.
Kisha mistari ikaendelea mbele, maana isingeweza kurudi;
gari lisilo na rivasi haligeuzi mlangoni kwa mtu,
lazima lizunguke mtaa mzima
lipite madirisha yote.

Jogoo hajawika. Nilibeba taa mimi.
Mama alikuwa na ufagio wa chelewa
na hakusema neno tangu Ng'ambo hadi kwetu.
Nilidhani atafuta yote.
Alifagia mstari wa kati tu,
taratibu, kama anayemchana mtoto nywele,
akaiacha miwili ya kando ilivyo,
ili kukicha lionekane ni gari la mtu mwingine,
gari la kawaida, la Mhindi, la bwana shamba,
la yeyote.

Baba alikwenda kazini kwa miguu wiki nzima.
Aliipita ile mistari miwili akiangalia angani.

Baadaye injini ilinunuliwa na mwenye mashine ya kusaga.
Bodi ikabaki uani; kuku wakaingia,
wakataga mayai ndani ya yai.
Mama akiokota, anafungua ule mlango wa usoni,
usukani unamfuata,
anausukuma kando kwa kiwiko.
Sikumsikia akicheka wala akilaani.

Sasa Tabora ni bajaji tupu.
Moja mbele, mbili nyuma, kinyume cha letu,
na rivasi zinayo: zinageuza zinapotaka.
Goti langu halitaki tena kutembea, nazipanda,
vijana wananiita bibi, wananisogezea mto.

Juzi alfajiri nilitoka kufagia mbele ya nyumba ya mwanangu.
Mchanga wote ulikuwa umechorwa,
mitatu juu ya mitatu, imepishana, imekatana,
na mwanangu alikuwa bado hajarudi.
Nikasimama na ufagio,
nikitafuta ipi ni yake,
na wa kati ni upi.